Umbali wa Shule na Kazi ya Mwalimu wa Msingi

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hukaguliwa andalio lake la somo, zana zake, sauti yake na jinsi anavyoutumia ubao. Ni nadra sana kuulizwa kama anajua wanafunzi wake wanatoka wapi na wametembea kwa muda gani kabla ya kuketi mbele yake. Katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini swali hilo ni la ufundishaji hasa, wala si la afisa mipango peke yake. Mifano yangu mingi itatoka mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako wengi wenu mtapangiwa kazi.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi Serikali ilivyolishughulikia jambo la usafiri wa mwanafunzi. Vijijini hatukupata kuwa na mpango mkubwa wa mabasi ya shule. Badala ya kumbeba mtoto hadi shuleni, sera yetu tangu mwanzo imekuwa kuisogeza shule kwa mtoto, na wakati mmoja hata kumsogeza mtoto pamoja na nyumba yao. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 watu walihamishiwa katika vijiji vya maendeleo, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Mkoani Iringa kazi hiyo ilifanyika kwa kishindo mwaka 1974. Moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba watu waliotawanyika hawawezi kupelekewa shule, zahanati na maji. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Azimio la Musoma likaagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane ifikapo mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Kwa hiyo tukitaka kuitafuta sera ya usafiri wa wanafunzi ya miaka ile, tutaikuta ndani ya sera ya makazi. Shule iliwekwa katikati ya kijiji, na mtoto alitarajiwa kwenda kwa miguu.

Mpango huo ulifanya kazi pale watu walipobaki kijijini. Lakini mashamba hayakuhama. Katika mabonde ya Kilolo yanayoegemea milima ya Udzungwa, na katika tambarare za Usangu wilayani Mbarali, familia nyingi zilirudi polepole karibu na mashamba na malisho yao, shule zikabaki zilipojengwa. Vitongoji hivyo vya mbali ndivyo vilivyozaa shule shikizi, yaani madarasa machache yanayowapokea watoto wadogo karibu na kwao mpaka watakapopata nguvu ya kutembea hadi shule mama. Serikali imezitambua. Katika mpango wa madarasa 15,000 uliotangazwa Oktoba 2021, madarasa 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi. Mwalimu atakayepangiwa kituo shikizi asidhani ametupwa. Pale ndipo mtoto wa miaka 6 anapoamua kama shule ni mahali panapofikika.

Umbali wa pili ni ule wa kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 zikajengwa kwa wingi shule tunazoziita shule za kata. Kabla ya hapo, mtoto wa Kyela au wa Mufindi aliyefaulu alipelekwa bweni mbali na kwao, na wachache tu ndio waliopata nafasi hiyo. Shule ya kata iliwafungulia mlango wengi, lakini iliwaondolea kitanda. Katika wilaya ya Rungwe, yenye watu wengi na kata ndogo, mwanafunzi aweza kwenda na kurudi bila taabu kubwa. Chunya na Mbarali si hivyo. Huko kata moja huwa pana mno, na wanafunzi hukodi vyumba karibu na shule, wakapika wenyewe na kulala wenyewe wakiwa na umri wa miaka 14 au 15. Walimu wa sekondari wanajua yanayotokea katika vyumba hivyo, hasa kwa wasichana. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini gharama ya kumfikisha mtoto shuleni ilibaki kwa mzazi.

Umbali wa tatu, nao ndio mrefu zaidi, ni ule wa kwenda kujifunza ufundi. Mwaka 1967, alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionyesha kwamba ni asilimia 13 hivi tu ya waliomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Tangu siku hiyo kila awamu imejaribu kuwajibu wale waliobaki. Baada ya Azimio la Musoma vilianzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza darasa la saba. Kijana alisoma hapo useremala, uashi, uhunzi au ushonaji, na mara nyingi kituo kilikuwa kando ya shule ya msingi. Kwa umbali, hilo lilikuwa wazo zuri kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu kijana alijifunza ufundi akilala kwao. Kilichoviua vingi kati ya vituo hivyo ni ukosefu wa zana. Randa moja haiwezi kufundisha vijana ishirini. Mwaka 1975 vilianza pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada na mfano wa Sweden. Ilula kwa upande wa Iringa na Nzovwe kwa upande wa Mbeya ni miongoni mwake. Kisha Sheria ya mwaka 1994 ikaunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, inayochangiwa na tozo wanayolipa waajiri. Vyuo vyake vilikuwa vya mikoa kwanza, Mbeya na Iringa mjini, na katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikijenga chuo katika kila wilaya.

Ukivitazama vitu hivi kwa pamoja utaona ngazi: shule ya msingi kijijini, sekondari katani, ufundi wilayani. Kila ngazi ni mbali kuliko iliyotangulia, na kila ngazi inapoteza watoto njiani. Tunaopokea watoto kwenye ngazi ya kwanza huwa tunadhani hasara hiyo si yetu kwa kuwa inatokea baada ya mtoto kutuaga. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka kadhaa, na hapa sina budi kusimulia kosa langu.

Nilipokuwa kijana, nikifundisha katika shule moja ya kijiji katika nyanda za juu za Iringa, kulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyechelewa karibu kila siku. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nilimpa adhabu ya kufyeka majani. Sikumchapa, na nilijiona mwalimu mstaarabu kwa sababu hiyo. Adhabu ilichukua kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza kilikuwa Hisabati, niliyoifundisha mimi mwenyewe. Muhula ulipokwisha nilimwandikia katika ripoti kwamba hajui sehemu na hana bidii. Mwalimu mkuu akanituma nipeleke barua kwa mlezi wake.

Tuliondoka pamoja saa 9 alasiri. Tuliteremka bondeni, tukavuka kijito juu ya gogo lililokuwa na utelezi, tukapanda mlima wa pili kupitia shamba la miti ya karatasi. Yule mtoto alinisubiri mara tatu. Tulifika saa 10 na dakika 50. Bibi yake alikuwa akianua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia kamwene kwa desturi ya kwao, kisha akaniangalia viatu.

"Mwalimu, umekuja kwa miguu?"

Nilimjibu kwamba ndiyo. Akacheka kidogo, akasema, "Basi leo hatachelewa peke yake."

Nyumba ile haikuwa na saa. Bibi alimwamsha mjukuu kwa jogoo la pili, na siku za mvua alimzuia mpaka aone maji ya kijito yamepungua, maana mwaka uliotangulia gogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Barua sikuitoa mfukoni. Niliporudi nilimwomba mwalimu wa taaluma ahamishe Hisabati iwe kipindi cha tatu, naye akakubali baada ya mabishano mafupi. Mtoto yule akajifunza sehemu kama wenziwe.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Alifaulu darasa la saba, akapangiwa shule ya kata, iliyokuwa upande wa pili wa kijiji, mbali na kwao kuliko shule yetu. Aliacha kabla ya Pasaka. Alikuwa na mikono hodari. Ndiye aliyekuwa akitutengenezea madawati yaliyovunjika. Hakuna mtu shuleni kwetu aliyemwambia kwamba kuna chuo Ilula, wala kwamba VETA hupokea maombi kwa msimu maalumu. Mimi mwenyewe nisingeweza kumwambia tarehe. Nilipopata habari zake mara ya mwisho alikuwa akipakia mbao kwenye malori Mafinga.

Sasa sera imebadilika, na mabadiliko hayo yatawagusa ninyi zaidi yalivyotugusa sisi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Sekondari imegawanywa katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, ambamo kijana hujifunza ufundi hukohuko shuleni. Hili la mwisho ni jema, maana laweza kuuvuta umbali wa wilaya urudi kuwa umbali wa kata, iwapo karakana na zana zitakuwapo. Kisa cha vituo vya miaka ya 1970 kisisahauliwe.

Lakini hesabu ya umri lazima tuifanye. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Mikondo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na mmoja wao ni wa watoto wa miaka 12 hivi. Njia ambayo jana ilitembewa na kijana wa miaka 14 itatembewa na mtoto mdogo zaidi, na kwa mujibu wa sera hataruhusiwa kubaki nyumbani. Ujenzi wa sekondari mpya chini ya mradi wa SEQUIP, ulioanza mwaka 2020, una kupunguza umbali miongoni mwa makusudi yake. Hata hivyo shule mpya haitafika kwenye kila mlima kwa siku moja, na mtoto wa kitongoji cha mbali atahitaji kuandaliwa.

Mjini shida ni ya namna nyingine. Katika jiji la Mbeya, daladala za barabara kuu kati ya Uyole na Mbalizi ndizo basi la shule. Nauli ya mwanafunzi imewekwa chini na Serikali. Viwango vya mwaka 2022 vilipopanda kwa watu wazima, ya mwanafunzi mjini ilibaki shilingi 200. Ni huruma njema, ila kondakta naye hupiga hesabu ya kiti, na asubuhi watoto huachwa kituoni wakitazama gari la tatu likipita. Mwalimu wa mjini anayeona wanafunzi wa kituo kimoja wakichelewa pamoja siku zilezile, ajue kwamba halioni kosa la tabia. Aliandike, ampelekee mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu awaone viongozi wa madereva pamoja na askari wa usalama barabarani. Nimeona ikisaidia, ingawa si kwa muda mrefu.

Basi mwalimu wa msingi afanye nini? Nashauri kwamba katika juma la pili la mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo atengeneze na darasa lake ramani ya njia. Inafaa kwa Jiografia na Mazingira, tena ni Hisabati ya kweli. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji yatosha. Chora shule katikati, barabara, mito na vilima. Kisha kila mtoto apime njia yake, naye hahitaji saa wala tepu ya kilometa. Kiwanjani, pimeni kwa kamba hatua 100 za mtoto wa kawaida wa darasa hilo. Tuseme zimetoa mita 60. Mtoto ajaze punje za mahindi katika mfuko mmoja wa nguo, na kila akimaliza hatua 100 ahamishe punje moja kwenye mfuko wa pili. Akifika nyumbani na punje 50, ametembea mara 50 mita 60, yaani mita 3,000. Wanafunzi huipenda kazi hii mno, na hubishana kwa furaha kuhusu nani amepoteza punje. Nimeona mtoto aliyeshindwa kuzidisha ubaoni akizidisha bila kosa kwa sababu njia ilikuwa yake.

Kisha tieni rangi: kijani kwa wanaotembea chini ya nusu saa, njano hadi saa moja, nyekundu kwa zaidi. Wekeni alama penye mto usio na daraja na penye kuvuka barabara kuu. Nakala yenye majina isitundikwe ukutani. Njia anayopita msichana peke yake jioni si habari ya kila mgeni aingiaye darasani. Ikae na mwalimu wa darasa.

Ramani hiyo itabadili mambo matatu au manne katika ufundishaji wako. Kwanza kabisa ni ratiba. Somo gumu lisiwekwe kipindi cha kwanza ikiwa theluthi ya darasa ni nyekundu. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mufindi au ya Rungwe hugandisha vidole. Mtoto aliyepita kwenye majani yenye umande hawezi kushika penseli vizuri kwa nusu saa ya kwanza, na mwandiko utakaoukosoa ni mwandiko wa baridi. Anza kwa hesabu za kichwa, wimbo au masimulizi, kisha andikeni. Zoezi la nyumbani nalo lipimwe: anayefika kwao jua likizama hana mwanga wala nguvu ya maswali kumi.

Adhabu ya kuchelewa ifikiriwe upya kabisa. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi vinne, na kwa makosa mazito. Mwalimu mwanafunzi hana ruhusa hiyo hata kidogo. Lakini hata adhabu ya jembe, kama nilivyokwisha kuonyesha, yaweza kuwa ndiyo inayomnyima mtoto somo. Kipimo chepesi ni kuuliza: adhabu hii inachukua kipindi gani?

Panga pia vikundi vya njia. Watoto wa njia moja waondoke pamoja, mkubwa akiwa kiongozi, na wadogo wasitangulie wala kubaki nyuma. Wafundishwe kukataa lifti ya pikipiki au lori, hata ya mtu wanayemjua kwa sura. Kiongozi wa njia ndiye atakayekuambia siku ya tatu kwamba fulani haji kwa sababu mama yake anaumwa, au kwamba kuna mtu amekuja kutoka mjini kutafuta wasichana wa kazi za ndani. Katika mkoa wa Iringa habari ya namna hiyo ikichelewa juma moja, mtoto huwa amekwisha kupanda basi la Dar es Salaam.

Jambo la mwisho linahusu wale wa darasa la mwisho. Mkutano wa wazazi wa darasa hilo aghalabu hujaa habari za mtihani. Tenga saa moja ya kueleza yanayofuata: shule ya kata iko umbali gani kwa mujibu wa ramani yenu, ina bweni au hosteli au haina, ina mkondo wa amali au haina, chuo cha wananchi kilicho karibu kinafundisha nini, chuo cha VETA cha wilaya au mkoa kinapokea maombi mwezi gani, kwa ada gani, na vitanda vya bweni ni vingapi. Waambie pia kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu walioacha shule, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi masomoni. Wazazi wengi wa vijijini bado hawajui. Habari hizi uzitafute mwenyewe kwa kwenda au kwa kupiga simu chuoni, usizitegemee za kusikia, kwa kuwa ada na tarehe hubadilika.

Mazoezi yako yakiisha, ramani usiondoke nayo. Mkabidhi mwalimu wa darasa pamoja na rejesta, ukiwa umeandika nyuma yake tarehe iliyopimwa na ni mito gani hujaa kati ya Desemba na Aprili, ili mwanachuo atakayekuja mwaka ujao aanze na njia ambazo wewe hukuzifikia.